Kufuta waranti ya mahakama ya wilaya huku Nyanda za Juu: wakili 4/5, dirisha la mahakama 3.5/5, kishoka 0

Naanza na jibu kwa wenye haraka, tulikuwa tunafuta waranti ya mdogo wangu, yani hati ya kukamatwa. Wakili tuliyemlipa hapa Mbeya mjini nampa nyota nne kati ya tano, karani wa mahakama ya wilaya kule milimani tatu na nusu, na yule jamaa wa nje ya steshenari aliyetaka laki sita ili "faili lilale" simpi hata robo. Majina sitaji, sijalipwa kumtangaza mtu na sitaki kumharibia mtu. Ila jueni kitu kimoja kabla hamjatoa hela: kufutwa kwa hati yenyewe mbele ya hakimu kulikuwa kufupi na hakukuwa na ada yoyote, hela yetu karibu yote imeliwa na kujua hati iko wapi, ina namba gani, imeandikwa nini, halafu kuhakikisha ikishafutwa mahakamani imekufa na kule polisi pia. Kama unamlipa mtu mlipe kwa kazi hiyo, sio kwa kwenda kusimama na joho.

Ishu yenyewe iko hivi. Mdogo wangu ni dereva, kipindi kile alikuwa na Fuso anabeba viazi kutoka mkoa wa Njombe anashusha Dar, akagongana na pikipiki kwenye barabara ya vumbi, mwenye pikipiki akavunjika mguu (amepona, anatembea, tunamshukuru Mungu). Kesi ya usalama barabarani, mahakama ya wilaya, akapata dhamana na wadhamini wawili, mmoja ni baba yetu mdogo ambaye ndo mwenyeji kule, ana kashamba ka parachichi. Dogo akawa anahudhuria vizuri tu. Baadaye hakimu akahamishwa, kesi ikawa inapangiwa tarehe nyingine, huku dogo ameshapata gari kubwa la kwenda Zambia na Kongo, tarehe moja ikamkuta Zambia na mzigo wa watu, nyingine ikapita hata hajui kama ilipangwa. Hakimu mpya anafungua jalada anakuta mshtakiwa hayupo, wadhamini hawapo, taarifa hamna, unategemea aandike nini? Akaandika akamatwe, na wadhamini waitwe waje kueleza kwa nini ile hela ya bondi, yani ile waliyoahidi kulipa asipofika, isilipwe na wao.

Na hapo ndo wengi hawajui, mtu wa kwanza kupata joto sio aliyeruka dhamana, ni mdhamini. Mdogo wangu yuko zake Kasumbalesa anakula kuku, mtendaji wa kijiji anampelekea baba mdogo samansi shambani. Baba mdogo hakumpigia mwenye kesi, alinipigia mimi, "Mwanangu, shamba langu linauzwa lini niage migomba?" Bondi ilikuwa milioni tatu. Kwa mzee anayeuza parachichi hiyo sio hela ya kucheka nayo.

Sasa wengine mtasema si akae tu kimya, wilaya ya huko mbali nani atamtafuta. Nilimuuliza wakili hilohilo, akasema hati ya kukamatwa haina tarehe ya kuisha, kwa sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inabaki hai mpaka itekelezwe au ifutwe na mahakama ileile iliyoitoa, na inaweza kutekelezwa popote Tanzania bara. Kwahiyo unaweza kukaa mwaka, miaka, siku una harusi ya mwanao au gari lina mzigo wa nyanya unakamatwa Makambako na nyanya zinaozea barabarani. Na "mahakama ileile" maana yake ni ileile kweli, huwezi kwenda mahakama ya Mbeya mjini kwa sababu ni karibu ukaomba wakufutie hati ya wilaya ya Njombe, watakusikiliza vizuri na watakurudisha ulikotoka. Ila hakimu anaweza kuandika kwenye hati kwamba huyu mtu akikamatwa na akatoa wadhamini kadhaa wa kiasi fulani basi aachiwe mpaka tarehe ya kufika mahakamani. Kwahiyo ikikukuta ukaonyeshwa hati, omba kuisoma yote, mbele na nyuma, watu wamelala ndani na ruhusa ya dhamana imeandikwa palepale.

Kishoka sasa. Huyu tulimpata bila kumtafuta, nilikuwa natoa fotokopi ya leseni ya dogo na kile kikaratasi cha dhamana, akachungulia akasema "dada hiyo kitu ndogo sana, nina mtu masjala kule, unatuma laki sita leo, kesho faili linalala". Nikamuuliza linalala vipi, akaanza kupiga simu, anaongea kwa sauti, "Mheshimiwa shikamoo, niko na dada yangu hapa", mimi namwangalia tu. Nikamwambia nipe namba ya kesi kwanza, huyo mtu wako wa masjala si analo jalada, akasema namba inapatikana baada ya malipo. Namba ya simu ya kutumia hela ilikuwa na jina la kike la mtu ambaye wala hayupo kwenye mazungumzo. Jamani. Malipo ya mahakama yanapita kwenye kontrol namba, na dhamana ni bure, kila kituo cha polisi nilichowahi kuingia wamebandika ukutani. Ukiombwa hela ya kulaza faili TAKUKURU wana namba 113, hailipiwi. Tena fikiria kwa akili ya kawaida, faili "likilala" hati inabaki palepale, haijafutwa na mtu, umelipa laki sita ili uendelee kutafutwa.

Nitoe na hili la RB kwa sababu tulipotezewa muda nalo na kila mjuaji wa kijiweni. RB ni namba ya taarifa iliyofunguliwa polisi. Waranti inatoka kwa hakimu, ina saini yake na muhuri wa mahakama, jina la mtu na kosa analoshtakiwa. Watu wanakwambia "nenda polisi uulize RB" wakati kesi ilishatoka polisi zamani iko mahakamani, unaenda kituoni unajitaja jina, na kama hati wanayo mezani umejikamatisha mwenyewe siku ambayo hakimu hayupo wala mdhamini hayupo. Anza mahakamani.

Ila mahakama ipi sasa? Dogo anakumbuka "ile ya karibu na polisi, ina ngazi nyekundu". Kule wilayani kuna mahakama ya mwanzo na mahakama ya wilaya na hazikai mbali. Karatasi zake nusu zimelowa kwenye gari. Mimi nikajaribu kwenye simu, nikaingia TanzLII, pale kuna hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za Rufani na ni bure, ni kitu kizuri sana ukitaka kusoma, lakini sio sehemu ya kuandika jina la mdogo wako ukaambiwa ana waranti. Nilipoenda kwa wakili ndo nikaanza kuelewa wanavyofanyaga hawa watu.

Wakili mwenyewe ni dada bado kijana, ofisi iko ghorofani mjini, ngazi zinachosha, ila ndani pasafi na kuna chai. Kabla sijaenda nilimwangalia kwenye e-Wakili, ule mfumo wa Mahakama ambao unaandika jina la wakili unaona kama leseni yake ya mwaka iko hai, nikamkuta yupo. Fanyeni hivyo, ni dakika mbili, kuna watu wana suti na mkoba na wanaitwa wakili mtaa mzima lakini mule hawamo. Kumuona kwanza ni elfu thelathini, na aliitoa baadaye kwenye bili, hilo limenifurahisha.

Cha kwanza kuuliza hakuuliza dogo amefanya nini. Aliuliza, "Samansi ya baba mdogo iko wapi?" Nikamwambia iko kijijini. Akasema mwambieni aipige picha aitume wasapu, yote, pembe zote. Baba mdogo simu yake ni kitochi, ikabidi mjukuu wa jirani aazimwe, picha ikaja ina kidole gumba katikati, ikarudiwa. Na kila kitu kilikuwa pale. Jina la mahakama, namba ya kesi (siku hizi ni ndefu kama tokeni ya luku), tarehe ya kufika, saini ya hakimu. Sisi tulikuwa tunahangaika kutafuta kwa jina la mshtakiwa, na baadaye ikaja kujulikana jina lake kwenye jalada wameliandika tofauti na kitambulisho, wameweka la babu wakaacha la baba, yani hata karani angetafuta kwa jina tulilompa asingeliona. Karatasi ya mdhamini ndo ilitutoa. Kama una ndugu katika hali hii na mdhamini wake amepokea karatasi yoyote, usimwache aifungie maandazi.

Baada ya hapo akaandika barua ya kuomba kukagua jalada na akamtumia wakili mwenzake aliyeko mkoa wa Njombe akaenda masjala kulisoma. Hii ni kazi ambayo mimi nisingeiweza nikiwa hapa Mwanjelwa na magunia yangu ya mchele. Majibu yalivyorudi yalikuwa na vitu ambavyo hatukuvijua kabisa: kwamba hati ilitolewa kwa mdogo wangu peke yake, wale wadhamini ni wito wa kujieleza tu na wala hawajaamriwa kulipa, kwamba nakala ilishapelekwa kituo cha polisi cha wilaya, kwamba dhamana yake bado haijafutwa kwa maandishi, na kwamba tarehe ya kutajwa iko mbele kidogo. Hicho cha dhamana kutofutwa dada wakili alikipenda sana, akasema tunaenda kabla ya tarehe, hatusubiri, mtu aliyejileta mwenyewe na mtu aliyeletwa na pingu hakimu hawaangalii kwa jicho moja.

Halafu akatupa masharti, mengine nikaona kama ananitania. Msiende Ijumaa. Kwa sababu mambo yakienda vibaya hakimu akaamua akae mahabusu, analala mpaka Jumatatu, ila ukienda mwanzoni mwa wiki una siku za kurudi kuomba tena. Mpigie karani asubuhi ileile kuhakikisha hakimu yupo, wilaya ndogo hakimu anaweza akawa mmoja tu na ameitwa mafunzo. Wadhamini waje wote wawili na barua mpya za mtendaji, sio zile za zamani, na vitambulisho vya NIDA, na awepo wa tatu wa akiba. Mshtakiwa asibebe simu wala hela nyingi, avae sweta na kama ana dawa anazotumia azibebe na cheti. Na aje na pasi ya kusafiria.

Hiyo pasi ndo ilikuwa mpango mzima. Mihuri ya kuingia na kutoka Zambia inaonyesha kabisa kwamba tarehe ile ya kesi mtu hakuwepo nchini. Dogo yeye alikuwa amejiandaa na hadithi ndefu, eti simu ilipotea, eti alimtuma mtu, wakili akamwambia hadithi ziache kwenye gari, wewe useme ulikuwa wapi, uonyeshe, uombe radhi, unyamaze. Kama wewe ulikuwa umelazwa basi beba cheti cha hospitali chenye tarehe, kama ulikuwa msibani barua ya mtendaji wa huko, kitu chenye muhuri na tarehe.

Tuliondoka Mbeya na Costa ya asubuhi kutoka Nane Nane, mpaka Makambako, tukabadilisha. Nani aliwaambia watu wa Mbeya kwamba sisi tunajua baridi? Kule milimani mwezi wa sita ukungu unaingia mpaka mdomoni, gesti wanakupa mablanketi matatu na bado miguu haipatani na godoro. Nalitaja kwa sababu ya bajeti, mkiwa mnafika mahakamani saa mbili kamili mnatakiwa mlale palepale, ukisema utoke Mbeya asubuhi utafika saa ambayo hakimu ameshamaliza mambo ya kutajwa ameingia kusikiliza kesi ya ng'ombe mpaka jioni.

Mahakamani. Baba mdogo alikuja na koti la harusi. Karani ni mama mtu mzima, tukamwamkia, wakili akamweleza kwamba mshtakiwa amejileta mwenyewe na hati ipo, yule mama akamwangalia dogo kuanzia viatu mpaka kichwani akamwambia "Wewe ndo uliyemfanya mzee wa watu aje hapa analia?" Hakujibu. Kisha yule mama akaenda kutafuta jalada, na hapa nampa nyota zake, alilipata haraka, hakuomba hata soda, akatuelekeza tukaongee na mwendesha mashtaka kwanza ili asishtukizwe. Nilichomkatia ni mambo ya mchana ambayo ntayasema.

Tulipoingia mbele ya hakimu sikuhesabu dakika lakini chai niliyoiacha nje nadhani bado ilikuwa vuguvugu. Tangu 2021 sheria imeweka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na siku ile kila kitu kilienda kwa Kiswahili, hata mimi muuza mchele nilielewa mwanzo mwisho, zamani ungetoka nje unauliza watu "kwani amesemaje?" Wakili akaongea kidogo sana, kwamba mshtakiwa amejisalimisha mwenyewe, ana sababu na uthibitisho, wadhamini wote wapo. Nilitegemea hotuba, kusema kweli kwa hela niliyotoa nilitaka hotuba kidogo. Hakimu akamgeukia dogo mwenyewe, "Ulikuwa wapi?" Akasema, akatoa pasi, hakimu akageuza kurasa taratibu anaangalia mihuri. Mwendesha mashtaka akasema hana pingamizi anaiachia mahakama. Hakimu akamuuliza baba mdogo kama bado anakubali kumdhamini huyu, mzee akachelewa kujibu, akachelewa kabisa, mpaka nikaanza kutoka jasho na baridi ile, halafu akasema "Nakubali mheshimiwa, lakini aache kusafiri bila kuniambia." Watu wakacheka, hakimu naye karibu acheke.

Amri ikawa hati imefutwa, dhamana inaendelea kwa wadhamini walewale na aongezwe mmoja (yule wa akiba, ona sasa), wadhamini wasamehewe ile hoja ya bondi, na akisafiri nje ya nchi bila ruhusa ya mahakama basi dhamana anaipoteza. Hilo la mwisho limemgharimu kazi ya Kongo kwa sasa, yuko kwenye gari la ndani, anabeba mbao Mafinga kwenda Dodoma. Msidhani mtu anatoka hivihivi. Na hakimu angeweza kabisa kuamua vingine, angeweza kufuta dhamana akampeleka mahabusu, ni uamuzi wake, kwahiyo yeyote anayekuhakikishia matokeo kabla hamjaingia ujue huyo ni ndugu wa yule wa steshenari.

Basi mimi nikadhani tumemaliza, nikawa naulizia gari za kurudi. Dada wakili akasema bado, tunasubiri nakala ya amri iliyothibitishwa, yenye muhuri. Hapo ndo mchana wote ulipoishia. Umeme ulikuwa unakatika, printa ikawa inagoma, yule mama karani akaenda kula akarudi, tena kwa utaratibu wake, kila tukichungulia dirishani anasema "bado kidogo" na hiyo kidogo ndo imemla nyota moja na nusu. Sisi tumekaa kwenye benchi na baba mdogo anatusimulia bei za parachichi. Nikamuuliza wakili kwani lazima, si hakimu ameshasema? Akaniambia hakimu amesema humu ndani, kule kituoni kuna karatasi yenye jina la mdogo wako na haina masikio. Askari wa zamu akiikuta usiku hajui kilichoongelewa hapa.

Kwahiyo tukachukua nakala mbili, tukaenda kituo cha polisi cha wilaya pamoja na dada wakili, nakala moja wakabaki nayo, ya pili wakaigonga muhuri wa kupokea na tarehe, na afisa akaitafuta ile hati kwenye faili akaambatanisha. Ile yenye mihuri miwili, wa mahakama na wa polisi, dogo anatembea nayo kwenye gari, ameitia plastiki, na mimi nina picha yake kwenye simu. Hii hatua nawaambia ndo iliyonifanya nimpe nne. Nina jirani hapa sokoni mume wake alifutiwa hati kama hii, hawakupeleka chochote polisi, akaja kukamatwa tena kwa hati ileile na akalala ndani kabla mambo hayajanyooshwa. Kisheria alikuwa sahihi kabisa, na alilala sahihi hivyohivyo kwenye sakafu.

Sasa mabaya ya wakili maana hii ni rivyuu sio kipaimara. Simu hapokei. Kuanzia saa tatu mpaka saa tisa yuko mahakamani, sawa, lakini hata meseji inakaa na tiki za bluu mpaka kesho yake na wewe huku roho inakudunda. Pili, alituambia laki tatu na nusu nikadhani ndo yote, kumbe nauli yake, malazi yake na yule mwenzake wa kukagua jalada ni pembeni, ikafika laki tano na ishirini. Sio kwamba ni hela ya bure, kila kitu alionyesha kilikoenda, ila mtu unaambiwa mwanzo. Ulizeni hivi: hiyo bei inajumuisha kukagua jalada, kusafiri, na kwenda polisi baada ya amri? Mwambie aandike. Risiti ya EFD nayo niliipata baada ya kuiulizia, na uso ulibadilika kidogo.

Je ingewezekana bila wakili? Kwa upande wa mbele ya hakimu naona ingewezekana, nimeangalia, dogo alijieleza mwenyewe na pasi ilifanya kazi zaidi ya mtu yeyote mule ndani. Kama kesi yako iko mahakama ya mwanzo, kosa dogo, unaijua mahakama na namba unayo, mimi ningekwambia nenda na wadhamini wako na karatasi zako asubuhi na mapema usimlipe mtu laki tano. Lakini kama kosa ni zito, au dhamana ilishafutwa, au ulitoroka kweli na huna cha kuonyesha, au huna mtu wa kwenda kulisoma lile jalada kabla hujajitokeza, hapo lipa. Na kama huna kabisa, kuna sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, kuna mashirika yaliyosajiliwa na wasaidizi wa kisheria mpaka wilayani, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii pale halmashauri watakuelekeza, na ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 ikizunguka mikoa, ulizia kama bado ipo na ikifika kwenu nenda na samansi yako mkononi. Shangazi yangu wa Tukuyu walimsaidia mambo ya shamba la mirathi na hakutoa hata mia.

Kesi yenyewe bado inaendelea kwahiyo ya huko sisemi. Laki tano na ishirini ya wakili, nauli na gesti zetu sisi na wadhamini kama laki na sabini hivi, fotokopi na picha elfu sita, mahakamani sifuri, polisi sifuri. Dogo anarudisha kidogokidogo, mwezi huu kaleta gunia la mkaa akasema tulihesabu, nimekataa.

Wanaotaka kumuona huyo dada watanikuta sokoni ntawaelekeza kwa mdomo, ila nendeni kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, baada ya hapo ameshatoka na mkoba wake na utakunywa chai yao peke yako mpaka jioni.